Gari la Kurudishwa Jumatatu

Paa la gari lilikatwa Alhamisi, Raelene Pascoe akiwa kazini anapima mbegu za nyasi na chakula cha kuku kwenye duka la wafugaji mjini Benalla. Aliporudi jioni alisikia grinda ikilia bandani, wala hakushtuka, maana katika nyumba ile grinda ilisikika kuliko redio. Alishusha mfuko wa viazi, akachukua mifupa ya mbwa, akapita nyuma ya banda. Hapo ndipo alipoliona. Lilikuwa limelala chali juu ya lundo la vyuma chakavu, kati ya friji bovu na magurudumu ya mashine ya kukatia nyasi.

Kwa nje lilikuwa la kijani, rangi ya kampuni ya pampu za maji iliyowalipia matairi ya mbio za msimu ule. Kwa ndani, pale ambapo hakuna aliyewahi kufika na brashi, lilikuwa bado na rangi yake ya kwanza, ya haradali. Raelene alisimama na mifupa mkononi, mbwa akimzunguka miguuni. Aliigusa ile haradali kwa kidole. Alikuwa hajaiona tangu akiwa msichana, na hakutegemea kwamba ingemuuma kiasi kile.

Gari lilikuwa lake. Alilinunua kabla hajaolewa, kwa mshahara wa kiwanda cha sufu cha Wangaratta, aina ya Torana, jipya kabisa, akalipeleka nyumbani kwao huku mama yake akimtazama dirishani na kusema binti huyu sasa hataolewa. Akaolewa. Mwaka wa kwanza wa ndoa, pikapu ya mumewe, Lindsay, ilikufa injini siku mbili kabla ya mbio ndogo za magari pale uwanja wa Winton, naye akaja jikoni na kofia mkononi kuomba gari la mkewe kwa Jumamosi na Jumapili tu. Alisema atalirudisha Jumatatu.

Jumatatu lilirudi halina bampa. Wiki iliyofuata halikuwa na kiti cha nyuma. Kisha ikatolewa injini, ikatiwa nyingine kubwa iliyosogezwa nyuma hadi karibu na magoti ya dereva, sakafu ikakatwa, milango ikabadilishwa ikawa myepesi kama kadibodi, matako ya gari yakapanuliwa yapate kumeza matairi mapana. Hivyo ndivyo zilivyo mbio za sedani za michezo: unachukua gari la kwendea sokoni, unalipasua, unajenga jinamizi. Ila sheria zinataka paa libaki la kiwandani. Kwa hiyo baada ya miaka mingi ya misumeno na moto wa kuchomelea, kilichokuwa kimebaki cha gari la Raelene ni kile kilichokuwa juu ya kichwa cha Lindsay.

Humo nyumbani Jumatatu likawa neno lao. Bomba la jikoni litatengenezwa lini? Jumatatu. Tutakwenda lini Queensland kumwona dada yako? Jumatatu. Walicheka wote wawili, na Raelene hakuwa anajilazimisha, maana alimpenda mumewe na alipenda pia kelele na harufu za mbio, na kuamka alfajiri kukata mikate ya watu wanane. Lakini kabla ya kila mbio, Lindsay akishafungwa mikanda, yeye alinyoosha mkono akaligonga paa mara mbili kwa kiganja. Lindsay aliamini kwamba mkewe anamtakia bahati. Ukweli ni kwamba alikuwa analisalimu gari lake.

Alitupa mifupa chini, akaingia bandani.

Lindsay alikuwa amepiga magoti kando ya gari lisilo na kichwa. Kelvin, jirani yao, fundi bomba mstaafu ambaye bandani hapo alikuwa na kikombe chake mwenyewe, alikuwa ameshika taa.

"Mmelikata," Raelene alisema.

"Ilibidi, mpenzi." Lindsay alivua miwani ya kazi. Bega lilikuwa bado linamuuma tangu gari lilipoteleza kwenye mvua katika mbio za Phillip Island na kubiringika majanini. "Lilibonyea kama pai iliyokaliwa. Halinyooki lile."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ni bati."

Kelvin alicheka, akamshauri Lindsay aliombe bati radhi kwa maandishi. Raelene hakumwangalia.

"Hilo bati ni langu, Lindsay."

"Sawa, bibi," Lindsay akasema, akitabasamu tabasamu lile la kila siku. "Nitakurudishia Jumatatu."

Kwa mara ya kwanza tangu neno hilo lizaliwe, Raelene hakucheka. Alibaki amesimama pale mlangoni. Kelvin akakumbuka ghafla kwamba kuku wake hawajala. Alipita pembeni mwa Raelene amejikunja kama mtu anayepita chini ya waya wa miba, na kikombe chake akakiacha.

Wakati wa chakula Lindsay alijaribu kuomba msamaha, lakini aliomba kwa jambo lisilo lenyewe. Alisema pole kwa kelele, pole kwa kumwaga mafuta kwenye taulo nzuri. Raelene alimjibu kwamba taulo si kitu. Kisha mzee wa watu akaanza kulalamika juu ya shida yake mwenyewe, na kusema kweli shida ilikuwapo. Mpaka gari lilipobiringika alikuwa akiongoza msimu mzima, mtu wa miaka sitini na kitu aliyejenga gari bandani, mbele ya vijana wanaobeba magari yao kwa malori yenye viyoyozi. Sasa amepitwa pointi kidogo, na imebaki raundi moja tu, ya Winton, hapo hapo kwao. Gari bila paa la kiwandani halipiti kwa mkaguzi. Amepiga simu kwenye yadi za magari mabovu mpaka sauti imekauka, na mapaa yote ya Torana aliyoyapata yameliwa na kutu.

"Bluu analo," Raelene alisema.

Lindsay aliweka uma chini. "Heri nikae nyumbani ninywe chai."

Bluu ndiye aliyekuwa amempita pointi. Jina lake ni Trevor Hocking, na aliitwa Bluu kwa sababu alizaliwa na nywele nyekundu. Huo ndio utani wa huko. Sasa nywele zimekuwa nyeupe, jina limegoma kubadilika. Zamani yeye na Lindsay walikuwa wakivuta trela kwa msafara na kulala hema moja. Kisha mwaka mmoja Bluu akaenda kwa wakaguzi akasema matairi ya nyuma ya Pascoe yamezidi upana unaoruhusiwa. Katika nchi hiyo mtu aweza kuiba kondoo wako na bado mkaja kunywa pamoja, lakini kumchongea mwenzako kwa wakubwa ni kitu kingine. Tangu siku ile Lindsay alipotaka kumtaja alisema "yule bwana wa Euroa".

"Basi kaa nyumbani," Raelene alisema, akaondoa sahani.

*

Jumamosi asubuhi alifunga trela nyuma ya gari lake la kila siku, akamwambia mumewe anakwenda kuchukua samadi, akaendesha hadi Euroa.

Bluu alikuwa anawahamisha kondoo, akaja getini na mbwa wawili. Alipomtambua aliyekuja aliondoa kofia kabisa. Raelene alieleza haja yake pale pale, kabla ya chai, kabla ya habari za watoto. Bluu alimpeleka nyuma ya zizi, kulikokuwa na bodi ya Torana isiyo na magurudumu, imewekwa juu ya magogo tangu enzi hizo. Kuku walikuwa wakitagia ndani. Lakini ilikuwa chini ya kibanda kikavu, na paa lilikuwa zima, jeupe, halina hata tone la kutu.

"Lichukue," Bluu alisema. "Nitaleta grinda sasa hivi. Mwambie mzee wako aniletee katoni ya bia, akiweza kufungua mdomo."

"Nataka kulinunua."

Uso wa Bluu ulibadilika. Watu wa mbio hizo huazimana gia, huazimana injini nzima, hata na mtu utakayeshindana naye baada ya nusu saa, na malipo ni bia. Kumtolea mwenzako noti ni kumwambia kwamba yeye si mwenzako. Raelene alilijua hilo kuliko wengi. Ndiye aliyekuwa akizinunua hizo katoni.

"Amekutuma uje unilipe?" Bluu aliuliza taratibu. "Hataki hata kuwa na deni langu la bia?"

"Hajui kama niko hapa. Nisikilize, Bluu." Na Raelene, ambaye hakuwahi kumwambia mtu maneno haya, hata mumewe, alijikuta akiyasema mbele ya kuku wa watu. Alisema gari lile lilikuwa lake, aliliazimisha tu, hakuligawa wala hakuliuza. Alisema miaka yote hiyo alikuwa na kipande kimoja juu, na juzi amekikuta jalalani. "Ukimpa Lindsay, litakuwa lake kuanzia matairi mpaka juu. Nikinunua, litakuwa langu. Sitaki kitu kingine."

Bluu alijikuna shingo kwa muda mrefu.

"Dola tano," alisema.

"Mia mbili."

"Umeishiwa akili? Kumi."

"Yadi ya Shepparton wanauza mia mbili na lina kutu. Mia na hamsini."

"Ishirini, na trei ya mayai."

"Mayai nitalipia kando."

Walibishana hivyo, muuzaji akishusha na mnunuzi akipandisha, mpaka mbwa wakachoka wakalala. Mwisho Bluu alisema hamsini, na akisikia hata senti moja zaidi ya hapo anamfukuza shambani. Raelene alihesabu noti, wakapeana mikono. Bluu alizitia mfukoni kwa shida, kama mtu aliyeokota mali ya kanisa.

Akiwa anakata nguzo za paa alisimamisha grinda mara moja. Alisema anataka ijulikane kwamba hatoi sadaka. Anataka kumshinda Lindsay Pascoe akiwa uwanjani. Akichukua kombe huku mwenzake yuko nyumbani anakunywa chai, hilo kombe ataliangaliaje kila siku juu ya televisheni?

"Na yale matairi," aliongeza, bila kumtazama, "yalikuwa yamezidi kweli."

"Najua," Raelene alisema. "Nilishika ncha ya futi mwenyewe."

Bluu alicheka hadi akakohoa, akawasha grinda tena.

*

Lindsay alipoliona paa kwenye trela alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja juu yake kama anavyofanya mnunuzi wa farasi. Furaha ilimpanda usoni kabla hajaweza kuizuia. Kisha akakiona kinyesi cha kuku, akaelewa limetoka wapi, na uso ukamshuka.

"Kwa hiyo sasa nina deni la yule bwana wa Euroa."

"Huna deni la mtu. Nimelinunua mimi, kwa pesa yangu. Bluu hadai hata chupa moja."

"Umenunua? Ukampa hela mkononi?" Lindsay alifumba macho, akiiona aibu yote ile. "Raelene, watu watasema nini?"

"Waseme wanavyopenda. Paa ni langu. Na wewe nakuazimisha." Alifungua kamba ya trela pole pole, ili asimtazame. "Mpaka Jumatatu, baada ya Winton. Halafu lina rangi yake. Nimepita dukani nimechanganyiwa kopo."

Lindsay alitazama kopo, akamtazama mkewe. Mtu mwingine angeuliza maswali. Yeye alikuwa mwepesi wa kusikia injini na mzito wa kusikia mengine, lakini hakuwa mjinga, na siku mbili za nyumba kimya zilikuwa zimemfikirisha. Alikwenda nyuma ya banda. Raelene alimsikia akihamisha vyuma, kisha hakumsikia tena kwa kitambo. Aliporudi alikuwa amelibeba paa la zamani lililobonyea, akaliegemeza ukutani ndani ya banda, upande wa haradali nje, mahali ambapo hapakuwa na mvua.

Kisha akaenda kutafuta msasa.

*

Winton siku ile kulikuwa na jua zuri na vumbi, na watu wa Benalla walikuja na viti vyao vya kukunja. Gari la kijani lenye kichwa cha haradali lilichekwa tangu linashuka kwenye trela. Kijana mmoja wa timu ya malori aliuliza kama mzee Pascoe amemwagikiwa na sosi. Lindsay alijibu kwamba dereva ni yeye, lakini mambo ya paa aulizwe mwenye paa, akaelekeza kidole kwa Raelene aliyekuwa anapaka siagi mikate. Kijana alidhani ni utani, akaondoka.

Getini walikuwa wamempa Raelene kitambulisho chenye maneno yale yale ya kila mwaka, MKE WA DEREVA. Kila mwaka alikivaa bila kukisoma. Safari hii alikisoma, akakigeuza, akakivaa nyuma mbele.

Hesabu ilikuwa rahisi. Ili Lindsay achukue msimu, ilibidi ashinde mbio za mwisho, na Bluu asifike juu ya nafasi ya tatu. Walipopangwa, Raelene alinyoosha mkono kuligonga paa. Lindsay akaushika mkono wake kupitia dirishani.

"Hivi miaka yote hii," aliuliza, sauti ikiwa ndogo ndani ya helmeti, "ulikuwa unaniaga mimi au gari?"

"Gari," Raelene alisema.

"Nilihisi." Akauachia mkono. Raelene akagonga mara mbili, kisha, kwa kuwa alimwonea huruma, akaigonga na helmeti mara moja.

Mbio zenyewe Benalla wanazisimulia mpaka leo, na kila msimulizi huongeza chumvi yake. Lindsay alitoka nafasi ya nne. Wawili aliwapita kwenye kona, mmoja injini ilimzimikia. Bluu alikuwa nyuma yake, akapanda, akapanda, mpaka mizunguko ya mwisho magari mawili ya wazee yalikuwa yamegandana kama yamefungwa kamba, haradali mbele, Bluu akichungulia kulia, akichungulia kushoto, bila kumgusa hata mara moja. Kelvin alishindwa kutazama akageukia uzio. Raelene alitazama mpaka mwisho. Lindsay alishinda mbio kwa urefu wa gari moja, na Bluu, kwa kuwa wa pili, akashinda msimu.

Kwenye hema lao Lindsay alitoka garini amelowa jasho, akakaa juu ya tairi na kucheka peke yake. Raelene alikuwa ameandaa maneno ya kumfariji, hayakuhitajika. Baada ya kumaliza chupa ya maji, mumewe alifungua boksi la barafu, akatoa katoni nzima ya bia, akaibeba kwa lile bega bovu kupita mbele ya mahema yote mpaka kwa yule bwana wa Euroa. Raelene alimfuata kwa mbali.

"Wanasema hunidai," Lindsay alisema, akiiweka katoni chini.

"Sikudai. Nililipwa taslimu." Bluu alikuwa na kombe kwapani. "Paa limekaaje?"

"Si langu. Muulize mwenyewe."

Bluu alimwangalia Raelene kwa juu ya bega la Lindsay, akakonyeza.

"Basi hii bia ni ya nini?"

Lindsay alikuna kidevu. "Ya yale matairi," alisema mwishowe. "Yalikuwa yamezidi kidogo."

"Kidogo," Bluu alisema, akafungua katoni.

*

Jumatatu Raelene huanza kazi mchana. Alikuwa jikoni na kikombe cha chai aliposikia injini ya mbio ikinguruma kutoka bandani, na mbwa wa Kelvin wote wakajibu. Alidhani Lindsay anapima kitu. Lakini mlio ulizunguka nyumba, ukaja taratibu hadi mbele ya mlango wa jikoni, mahali ambapo zamani msichana wa kiwandani alikuwa akiegesha, ukazima.

Alitoka na kikombe chake. Gari lilikuwa limeoshwa, hata zile chembe za matairi kwenye milango zimesuguliwa. Lindsay alijichomoa dirishani, maana milango ile haifunguki kikawaida, akasimama amevaa shati la kwendea benki.

"Nilijaribu kulitoa paa peke yake," alisema. "Limeng'ang'ania. Nimelileta na vilivyo chini yake."

Raelene aliligusa paa kwa kidole.

"Lilikuwa lako, Rae. Nilisema Jumatatu, halafu nikaifanya mzaha, ukacheka, nikadhani yamekwisha. Ningepaswa kuuliza. Nimechelewa kidogo kulirudisha. Na bampa sijui liko wapi."

Raelene alilia kidogo, bila kujificha, na Lindsay akasimama pale bila kujua mikono aiweke wapi. Kisha Raelene akajifuta kwa aproni, akampa mumewe kikombe cha chai, akaenda ndani kuleta mto wa kiti, kwa sababu aliona wazi kwamba kiti kile kimefinyangwa kwa makalio ya mtu mwingine.

Kuingia kulimchukua muda na maneno ambayo hakuwa anayatumia dukani. Lindsay alimfunga mikanda, akamwonyesha swichi, akamwonya kwamba klachi ni ngumu na gari halipendi kwenda polepole. Lilimzimikia mara mbili. Mara ya tatu lilishika, likanguruma mpaka vikombe vikalia kabatini, na Raelene akahisi ngurumo ile mgongoni na kwenye meno, akaanza kucheka. Mbele yake ilikuwa njia yao ya vumbi, mikaratusi huku na huku, hadi kwenye sanduku la barua kando ya barabara kuu. Juu ya kichwa chake ilikuwa haradali.

Lindsay aliinama dirishani, chai mkononi, akaona hatari ambayo hakuwa ameifikiria. Msimu mwingine haukuwa mbali sana, na injini ilihitaji kushushwa.

"Rae," alipaza sauti juu ya ngurumo. "Utanirudishia lini?"

Raelene alinyoosha mkono nje, akaligonga paa mara mbili.

"Jumatatu," alisema, akaachia klachi.